Viroba vya Mchanga, Kutoka Makurunge hadi Dunda

Jumamosi. Manyunyu ya alfajiri, kisha jua la kuchoma. Mabega yananiuma hata simu naishika kwa shida, lakini nisipoandika leo sitapata usingizi.

Idara yetu ya Historia na Uraia ni watu wawili tu, mimi na Mwalimu Zainabu. Darasani tunafundisha kama wanavyofundisha wengine. Nje ya darasa tuna chama cha wanafunzi, na safari hii walikataa kuigiza tena machifu wakitia saini mikataba. Walitaka msafara. Msafara wa miaka ya 1880, wa wapagazi wanaotoka bara na kuingia Bagamoyo, kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao hapa.

Basi tukajaza mchanga kwenye viroba, tukavizungushia majamvi makuukuu. Magogo ya mnazi yakawa pembe za ndovu. Uzito tukaupunguza hadi nusu ya ule tunaousoma vitabuni, maana hawa ni watoto wa watu.

Alhamisi akaja Mzee Shomari, baba yake Mwanahamisi wa kidato cha tatu. Alisalimia vizuri, ila kiti alikikataa.

"Mwalimu, nasikia mnataka kuwabebesha watoto mizigo barabarani. Mimi sikumleta mwanangu shule aje kuwa hamali. Watu wa Dunda wananijua."

Nilimweleza, akanisikiliza, hakulainika. Mkuu wa shule naye akatamka palepale kwamba mzazi akilalamika tena, chama kinafungwa. Tukapatana hivi: Mwanahamisi atatembea na wenzake, lakini hatabeba kitu.

Leo gari la shule likatushusha kwenye njia ya Makurunge, tukaanza kurudi mjini kwa miguu.

Mwanzoni ilikuwa kicheko, picha za simu na nyimbo walizozitunga wenyewe. Kisha nyimbo zikakatika. Nikawa nasikia pumzi tu, na viatu kwenye changarawe. Mimi nami nilikuwa na kiroba changu, na kilikuwa kimeanza kuniingia shingoni. Miaka yote ninafundisha biashara ya masafa marefu: bidhaa, njia, sababu, matokeo. Shingo sijawahi kuitaja.

Na sisi tulikuwa tumetoka hapo tu. Wao walitoka Tabora. Wengine Ujiji. Wengine walibeba kwa ujira, wengine kwa sababu walikuwa mali ya mtu.

Kabla hatujaufikia mji, Idrisa, beki wetu tegemeo, akaishiwa nguvu za magoti. Akakaa pembeni ya njia, anatokwa machozi ya hasira. Mwalimu Zainabu akasema kiroba kiachwe, gari litakipitia. Nilipogeuka, Mwanahamisi alishakiinua.

"Mwanahamisi, tulikubaliana na baba yako."

"Najua, mwalimu. Nitamweleza mwenyewe."

Nilipaswa kumzuia. Sikumzuia.

Tulipoingia mjini, mtaa wa Dunda, madereva wa bodaboda wakazima pikipiki zao, mmoja baada ya mwingine. Watu wakasimama milangoni. Hatukuwa tumetangaza siku wala njia. Kisha mama mmoja muuza vitumbua akapaza sauti:

"Wanyamwezi hao! Fungeni milango, wamekuja na njaa ya bara zima!"

"Na mwalimu wao Mnyamwezi kweli!" akadakia jirani yake. "Mtani wangu, mbona umechelewa hivyo? Wenzio walipita zamani!"

Kicheko kikalipuka, vigelegele vikafuata. Wakatoka na madumu ya maji, wakawanywesha watoto huku mizigo ingali vichwani, na yule mama akanimwagia kopo zima utosini. Utani wa watu wa pwani na sisi Wanyamwezi ulikomaa kwenye misafara ile ile. Mimi huufundisha kama jibu la mtihani. Leo ulinitiririka mgongoni, wa baridi.

Nilikuwa bado napangusa macho pale watu walipompisha Mzee Shomari.

Alikwenda moja kwa moja kwa binti yake. Vigelegele vikafa.

"Shikamoo, baba," alisema Mwanahamisi, shingo ikimtetemeka.

"Marahaba. Nani kakutwika?"

"Nimejitwika mwenyewe. Mwenzangu alishindwa."

Mzee akakishusha kile kiroba. Akakipima mikononi, akakipima tena. Akaitazama njia tuliyotoka. Nikajua chama kimekwisha.

Akavua kikoi alichojitanda begani, akakisokota kata, akaiweka juu ya kichwa cha mwanawe na kuisawazisha taratibu kama anayemvisha kofia ya Idi. Kisha akamtwika.

"Mzigo haukai juu ya mfupa mtupu," alisema. "Haya, nenda. Usitazame chini."

Yeye akafuata nyuma yake, mikono mitupu, hadi mwisho.

Tulitua kwenye ua wa zamani uliokuwa ukipokea misafara. Viroba vilipogonga ardhi, tukakaa juu yavyo. Ndipo Mwanahamisi akauliza:

"Mwalimu, wale waliofika hapa wakafa, walizikwa wapi?"

Nikasema sijui. Nikamtazama Mzee Shomari, naye akatikisa kichwa. Mwalimu Zainabu, mzaliwa wa hapahapa, naye hajui.

Bibi yangu kule Tabora alikuwa akisimulia kwamba babu yake aliteremka pwani na mzigo wa pembe, na hakurudi. Miaka yote niliyofanya kazi mji huu sikuwahi hata kujiuliza kama nimewahi kupita juu yake.

Jumatatu chama kinakutana. Sitapeleka somo. Nitapeleka swali la Mwanahamisi, nao watalibeba nyumba hadi nyumba. Mzee Shomari ameomba tuanzie kwake.