Nilimshika Kitinda Asiingie Tangini

Nyumba za wafanyakazi, chumba cha nne,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limetulia kwa ile dawa ya kuchua. Baba Mkubwa naye macho yanaendeleaje? Sisi huku tunapumua, ila siwezi kukuandikia kwamba hatujambo.

Najua Alhamisi simu ilikatika ukiwa umesikia "ameanguka" tu. Kaa kwanza, Mama, nikueleze.

Kazi yetu mimi na wanao wawili, Kaka na Kitinda, unaijua. Kiwanda cha juisi kinatupa maganda ya nanasi. Sisi tunayasaga, tunayajaza matangini na kutia hamira. Vijidudu vyake vinakula sukari, vinatuachia spiriti ya kusafishia vidonda. Kaka alikuwa akivisifu: "Vibarua hawa hawagomi wala hawaombi likizo, na ukiwalisha takataka wanashukuru." Lakini vikila vinatoa hewa nzito, isiyoonekana. Inatuama chini ya tangi kama maji kisimani, na ukiivuta hupati nafasi hata ya kupiga kelele.

Siku hiyo tulikuwa tumelimwaga tangi la tatu tulisafishe. Sheria ni feni ipulize saa nzima kabla mtu hajaingia. Feni ilikuwa imeungua, na mkuu wa zamu akafoka kwamba maganda yanaoza nje. Kaka akasema, "Nakwangua mashapo mara moja, natoka." Akashuka ngazi. Nilimwona akipiga magoti kama mtu anayetafuta kifungo, kisha akalala kifudifudi.

Kitinda akaikimbilia ngazi. Nilimdaka kiunoni nikamwangusha. Alinipiga, akaning'ata mkono, huku akilia, "Niache! Ndugu yangu anakufa!"

Mama, sikumwachia. Mwaka juzi, kiwanda cha jirani, watu watatu walifuatana hivyohivyo na hakutoka hata mmoja. Niliwapigia wenzetu kelele wafungue mlango wa chini wa tangi. Una boliti kumi na mbili, na zote zilikuwa na kutu. Tulipomvuta nje, midomo ilikuwa imeshageuka rangi.

Sasa yuko hospitali. Anapumua mwenyewe, moyo unapiga, lakini hamtambui mtu. Daktari anasema tusubiri, wala hasemi tunasubiri nini. Muuguzi alipompangusa mkono kwa spiriti ili amchome sindano, nilitoka nje nisiinuse harufu ile ya kazi yetu.

Jana Kitinda aliniambia: "Ungeniacha, ningemtoa. Uliogopa wewe." Ni kweli niliogopa. Sijui kama nilikuokolea mtoto mmoja au nilikunyima mwingine, na wa kumuuliza ni wewe tu, uliyewazaa wote.

Njoo, Mama, hata kwa basi la kuunganisha. Leo tulipokuwa tukimgeuza nilimwita lile jina ulilokuwa ukimbembelezea. Jicho lilisogea, au nilitamani tu lisogee. Sauti yangu haimfikii. Jaribu yako.

Nisalimie Baba Mkubwa, dada na shemeji, na mama yangu, umwambie jeraha la meno mkononi mwangu limefunga. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mtoto wa mdogo wako, ninayekupenda hata ukifika usitake kuniangalia usoni.