Madebe Manane ya Mama

S.L.P. 84,
Tabora.
Jumapili, 8 Oktoba 1972

Kwa kaka yangu mpenzi Twalibu,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe pamoja na wifi yangu Zamda, na yule mtoto ambaye mnaniambia ameanza kutembea na kuvunja vyombo. Mimi huku mwili hauna neno. Joto la Oktoba limeshika, maji ya bomba tunapata saa mbili kwa siku, na bei ya vitunguu imepanda kiasi cha kumfanya mtu ale mboga chukuchuku. Zaidi ya hayo, hali ya mji ni shwari.

Barua yako niliipata Jumanne iliyopita, pamoja na kitabu cha takwimu za robo ya pili. Ahsante sana. Umeniambia kwamba mstari wa Tabora uliupanga wewe mwenyewe, herufi kwa herufi, na kwamba ulipoona haukushuka hata baada ya mama kufariki ulisimamisha kazi kidogo ukawaambia wenzako pale kiwanda cha uchapaji kuwa nyumba ya mama yako imo humo. Umeniambia pia kwamba karatasi moja iliyoharibika wino umeibandika ukutani, na kwamba ukiiangalia unapata nafuu kwa lile lililokuumiza, la kushindwa kufika kumzika kwa sababu mafuriko yalikata reli. Kaka, nilisoma maneno hayo mara tatu. Mstari ule unaokutuliza una jambo langu ndani yake, na kwa ajili ya jambo hilo huenda mwisho wa mwezi huu nisiwe na kazi. Nitakueleza yote. Ila niache nianze mbali kidogo, maana nikikurukia nalo utanielewa vibaya.

Wewe unaijua kazi yangu kwa upande wa wino tu. Kwa upande wa vumbi iko hivi. Kila baada ya miezi mitatu napanda baiskeli na fomu zangu, nazungukia nyumba ishirini, nauliza kilichovunwa, kilicholiwa na kilichouzwa. Nyumba hizo hazikuchaguliwa na mtu. Majina yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa katika kopo la maziwa, na mkuu wetu wa ofisi, Bwana Silasi, akachomoa huku amefumba macho. Siku ile alipochomoa jina la Mwanajuma binti Nassibu wa Kwihara nilimwambia papo hapo kuwa huyo ni mama yangu mzazi. Alicheka, akasema kopo halijui mama wa mtu, nimpime kama wengine na nisimwongezee hata yai.

Lililonishangaza, na linalonishangaza mpaka leo, ni hili. Nyumba moja ikishaingia kwenye kopo haihesabiwi kama nyumba moja. Inasimama kwa niaba ya nyumba elfu moja na mia mbili ambazo hatuwezi kuzifikia. Mama akivuna debe moja la karanga, kwenye kitabu cha nchi linakuwa madebe elfu moja na mia mbili. Mama yetu, aliyekuwa akivaa kanga yake ile moja mpaka maandishi yakafutika, alikuwa anaibeba nchi kwa kiasi hicho bila kujua. Nilipomweleza aliuliza kama hao elfu moja na mia mbili wana habari kwamba yeye anachelewa kupalilia. Tangu siku hiyo akawa anawahi shambani. Nilikuwa nikisikia redioni kwamba uchumi umekua robo hii kuliko robo iliyopita, mwili unanisisimka, maana najua ni mgongo wa nani ulioinama.

Kupima nyumbani kwetu hakukuwa rahisi. Unakumbuka mama alivyokuwa: kutaja kiasi cha chakula kilichomo ndani kwake ilikuwa sawa na kukifukuza. Ukimwuliza alisema kipo kidogo, Mungu ametujalia, basi. Kwa hiyo mimi nilipima kwa debe, yeye akageuka akaangalia ukutani mpaka nimalize. Na kila nilipofika debe la mwisho, alilichukua mkononi mwangu bila kusema kitu akalimimina katika kile kilindo cha gome la mti kilichokaa nyuma ya mlango. Hilo lilikuwa la mgeni. Babu yake alikuwa mpagazi, alikwenda Ujiji na kurudi na mizigo ya watu kichwani, na alikuwa akisimulia kwamba alipona njaa njiani kwa sababu ya nyumba zilizokuwa na kilindo nyuma ya mlango. La mgeni halitajwi, halipimwi, na mwenye nyumba haligusi. Mimi niliyezaliwa mle ndani sikuliandika hata siku moja katika miaka mitatu, na wala sikujiona nimeacha kitu. Tulikua tukilipita kila siku.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Baada ya kupata barua yako nilikosa raha, Jumatano nikapanda baiskeli nikaenda Kwihara nyumbani. Nilikuwa sijafika tangu siku ya arobaini, tulipofunga mlango kwa kamba wewe na mimi. Nilitegemea kukuta majani yamefika dirishani. Kaka, nilikuta ua umefagiliwa. Mlango ulikuwa wazi, moshi unatoka, na kamba tuliyofungia ilikuwa imemfunga mbuzi. Kwenye mkeka wa mama amelala mzee mmoja mwenye mguu uliovimba, na kijana wake anamnywesha uji. Sikuwajua. Waliniambia wanatoka mbali, wanakwenda hospitali ya Kitete, na hapo ndipo watu wa kwao hupumzika siku zote.

Jirani yetu Tekla, yule aliyekuwa akisuka mikeka na mama, alitoka nyuma ya nyumba na ungo mkononi. Alinisalimia mwangaluka kana kwamba tuliachana jana, halafu akanigombeza kwa kupotea. Nilimwuliza kulikoni. Alinieleza polepole, kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa, kwamba mama kufa alikufa, lakini wagonjwa hawakupewa habari. Waliendelea kuja. Wiki ile ile tuliyoondoka walifika watu wawili na machela, wakakuta kamba mlangoni, wakakaa juani. Yeye aliona aibu, akaifungua. Kisha wanawake saba wa pale wakagawana siku za kuwasha moto. Karanga alizopanda mama mwenyewe Desemba walizipalilia, wakazivuna Mei, na viazi wakavitia kwenye matuta. Hakuna hata mmoja aliyepeleka kitu kwake. Nilipomwuliza kwa nini hawakuniambia mimi, alinijibu kuwa mimi ni mtu wa kuandika andika, wakaogopa nitawahesabia.

Nilimwomba nipime. Alikataa. Nilimwomba tena, nikamweleza sababu ambayo nawe nitakueleza sasa hivi, na nilipomaliza aliuweka ungo chini, akaniambia nipime basi lakini wao hawatatazama. Wakaja wote saba, wakasimama uani wakaupa mgongo mlango, na yule mzee mwenye mguu mbovu naye akajigeuza ukutani. Nikapima peke yangu. Kilindo kimoja kilikuwa kimekuwa vilindo vitano. Baada ya wageni kula tangu Mei, yalikuwa yamebaki madebe kumi na moja ya karanga. Nilikaa chini nikalia, si kwa huzuni tu. Niliogopa, kama mtu aliyeingia chumba cha nyumba yake ambacho hakujua kama kipo.

Basi sababu ni hii, kaka, na naomba uisome umekaa.

Kwa sheria ya kazi yetu, nyumba ambayo mwenyewe amefariki na hakuna aliyebaki huandikwa sifuri, na jina jingine huchomolewa koponi. Mwezi Machi nilikuwa na fomu ya mama mbele yangu na kalamu mkononi, na sifuri haikuandikika. Nikaandika mayai na michembe ya viazi kama kawaida. Nilijiambia ni robo hii tu. Mwezi Juni nilizungukia nyumba kumi na tisa, ya ishirini nikaipita mbali kwa baiskeli, nikaja kuijaza mezani kwangu Gongoni: karanga, madebe manane. Niliyachukua kwenye fomu ya mwaka jana. Nilimvunisha mama akiwa kaburini. Na manane yale yalizidishwa kama mengine yote, yakawa madebe elfu tisa na mia sita ambayo hakuna aliyeyapima mahali popote, na nchi nzima ikayaandika kwamba imeyala. Ndiyo maana mstari wako haukushuka. Uliushikilia mkono wangu. Kile ulichobandika ukutani, ndugu yangu, ni uwongo wa mdogo wako, na naomba unisamehe, maana niliutunga nikijifariji mimi, sikujua kuwa wewe nawe ungekuja kuuegemea.

Kutoka Kwihara sikwenda ofisini moja kwa moja. Alhamisi na Ijumaa nilirudi katika zile nyumba kumi na tisa, na safari hii sikuuliza mmevuna kiasi gani. Niliuliza mgeni akiingia sasa hivi mtamtolea wapi. Kaka, waliinuka wote. Mmoja alifunua chungu, mwingine akateremsha kikapu darini, bibi mmoja kipofu akanishika mkono akanipeleka mwenyewe. Nyumba kumi na nane zilikuwa na akiba ya mgeni ambayo hakuna fomu iliyowahi kuiuliza. Iliyokosa ni moja tu, ya mwalimu kapera aliyehamia majuzi kutoka Mbeya, na yeye alinikaribisha nusu ya mkate wake. Nilipojumlisha, bila kutia ya mama, nikapata madebe thelathini na moja. Nilipoyazidisha ilibidi niweke kalamu chini: madebe elfu thelathini na saba na mia mbili, yamekaa nyuma ya milango ya wilaya yetu, yanamsubiri mtu asiyejulikana. Miaka yote hii tunaipima nchi, na fungu hilo tumelipita kwa sababu sisi wenyewe wapimaji tumelelewa kutoliangalia.

Jana Jumamosi asubuhi nilimfuata Bwana Silasi nikamwambia yote, la manane na la thelathini na moja. Hakupaza sauti, na hilo liliniumiza zaidi. Alivua miwani, akasema fomu mbili za mama, ya Machi na ya Juni, zitafutwa (ya Septemba nilikuwa sijaijaza) na barua ya masahihisho itakuja huko Dar es Salaam, na kwamba mimi sitapewa fomu nyingine mpaka wakubwa watakapoamua mwisho wa mwezi. Alisema karani akishaandika kisichokuwepo, hata alichokiandika kwa haki kinatiliwa shaka. Na ni kweli. Kisha alizichukua hesabu zangu za wageni, akazisoma juu mpaka chini, akaniuliza kama na kwao Singida wanaweka. Nilimwambia yeye ndiye anayejua. Ndipo akasema mama yake alikuwa na mtungi ambao wao watoto walipigwa wakiusogelea. Leo yuko Kwihara yeye mwenyewe, amekwenda kupima upya.

Sasa ombi langu. Masahihisho hayo yatachapwa katika kitabu cha robo ya tatu, na mikono itakayoyapanga ni yako. Ukifika Tabora utaona karanga za robo ya pili zimeshuka kwa madebe elfu tisa na mia sita. Usidhani ni kosa la karani, wala usiwaulize. Huyo ndiye mama. Siku ile hukupata kutia udongo kaburini kwa mkono wako, na umelibeba jambo hilo miezi minane. Basi panga tarakimu hizo taratibu, moja baada ya nyingine, umsomee Fatiha, na hapo utakuwa umemzika. Halafu teremsha macho. Kama Bwana Silasi atakubaliwa, kutakuwa na safu mpya ambayo haijawahi kuwamo, ameiita Akiba ya Mgeni. Hiyo ipange vizuri. Hiyo haina uwongo wangu hata punje.

Tekla anakusalimu sana na anasema kamba yako ilikuwa imara, mbuzi hajaikata. Anauliza kama unaidhinisha mlango ubaki wazi, nami nimemjibu kwa niaba yako kuwa ubaki. Ukipinga uje upigane naye mwenyewe. Nisalimie wifi Zamda, mbusu mtoto, na wape pole wenzako pale kiwandani kwa moshi wa risasi mnayoiyeyusha kutengeneza herufi. Mkija, pitieni Kwihara kwanza kabla ya kwangu. Chakula chenu kipo nyuma ya mlango, na hakuna atakayewaambia ni kiasi gani.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na anayengoja majibu kwa hofu,

Sikuzani binti Saidi,
karani wa takwimu, mpaka tarehe 31.