Ndama wa Uso Mweupe

Jumatatu, 14 Mei 1894

Wamemchukua ndama! Wapanda farasi watatu wa ranchi ya Nyota Mbili, na msimamizi wao, Bwana Strode. Wanasema mume wangu Digory kapiga chapa yetu ya sululu kwenye mali yao. Ndama ana uso mweupe, na madume ya uso mweupe ni yao peke yao bonde hili zima. Digory kasimama mlangoni na kikombe cha chai, kaduwaa. Hakuiba. Naapa hakuiba.

Ulimi uliponza kichwa. Jumamosi alikuwa baa mjini, anajigamba mbele ya wachimbaji wenzake wasio na kazi: dume la kampuni limempanda ng'ombe wetu Tamsin bure, bila hata salamu! Wakacheka. Na mtu wa Nyota Mbili alikuwa kaunta, hacheki. Miaka ishirini Digory kaishi chini ya ardhi. Mgodi ulipofungwa mwaka jana akanunua ng'ombe wanane, naye ng'ombe alikuwa anamjua kwenye sahani tu.

Mkaguzi wa ng'ombe anakuja Alhamisi. Wizi wa ndama hapa ni jela. Zamani hawakungoja jela — mti wa kunyongea bado upo pale mtoni.

Jumanne, 15 Mei

Digory kaenda mjini kutafuta wa kumtetea. Naandika haya, kisha daftari linarudi chini ya pipa la unga.

Mwizi ni mimi. Haya, nimesema.

Ilikuwa mwezi wa nne, theluji ya mwisho. Digory yuko mlimani wiki nzima, anapekua mashimo ya zamani kana kwamba madini yatamwonea huruma. Tamsin akazaa mfu. Asubuhi hiyo hiyo nikamkuta ng'ombe wa Nyota Mbili kafa korongoni, na mtoto wake pembeni anatetemeka, anamlamba. Ningefanya nini? Ranchi yao ni mwendo wa siku nzima. Bibi yangu kule Cornwall alifanya hivi kwa kondoo. Nikamchuna ndama wetu aliyekufa, ile ngozi nikamvika yatima apate harufu ya mwana wa Tamsin, nikaifunga kwa kamba. Tamsin akamnusa. Akanusa tena. Akamlamba! Nililia kwa furaha peke yangu zizini, mikono damu tupu. Siku ya nne nikaivua ngozi.

Digory aliporudi nikamwambia Tamsin kazaa. Basi. Alifurahi mno, mara ya kwanza tangu mgodi ufungwe. Ningesema kweli angempeleka kwa wenyewe siku ile ile, na yule kiumbe angefia njiani. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho zikawa nyingi.

Na nikikiri sasa, nani ataamini kwamba yeye hakujua? Chapa aliipiga yeye.

Jumatano, 16 Mei

Tamsin analia tangu juzi. Namkamua asubuhi na jioni maziwa yasikauke. Anaipiga ndoo teke. Jirani yangu Annis kaja kunifariji: eti ng'ombe akikaa siku tatu bila mtoto huweza kumkataa kabisa. Asante, Annis! Sijala kitu.

Alhamisi, 17 Mei

Kwisha! Tumepona!

Zizi la Nyota Mbili, watu wamejipanga juu ya uzio kama kunguru. Mkaguzi ni mzee mfupi mwenye kikohozi. Kasema sheria ya malisho ni moja: ndama ni wa mama anayemfuata. Wakamweka Tamsin upande huu, ng'ombe wao wanne wenye maziwa upande ule. Ndama wakamwachia katikati.

Akaenda kwa ng'ombe wao! Nilishika mkono wa Digory mpaka akaguta. Ndama akaingiza mdomo chini ya ng'ombe mwekundu — teke! Akabiringika. Watu wakaangua kicheko. Ndipo Tamsin akaita, mara moja tu. Yule mtoto aligeuka mbio, mkia juu, akanyonya mpaka povu likamtoka. Na Tamsin akamlamba kuanzia masikio hadi mkiani.

"Huyo kashinda wakili," kasema mkaguzi, akakunja karatasi zake.

Digory kanikumbatia mbele za watu. "Nilikwambia, mke wangu! Ukweli haupotei!" Nikasema ndiyo, haupotei. Nikakaa chini kwenye mavi makavu, nikacheka kama mwehu.

Strode hakucheka. Alivua kofia akanisalimu. Mimi, si Digory.

Jumapili, 20 Mei

Nimelala kama gogo siku mbili. Leo kanisani Digory kaimba kuwashinda wote. Nyumbani nikaoka mikate ya nyama na viazi, tukala mpaka tukalegeza mikanda. Nimekaa nikingoja aibu ije. Haikuja. Nimefarijika tu, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 26 Mei

Strode kaja! Asubuhi, peke yake. Mbele yake kwenye tandiko kalaza ndama, ana siku moja, hata kichwa hawezi kuinua. Nyuma kafunga mwingine, mfu. Digory alikuwa kisimani.

"Huyu mama yake kafa," kasema. "Na yule mfu, mama yake mzima. Wote wetu. Mtu wangu anamleta huyo mama, nusu saa atakuwa hapa. Vijana wangu wanajua kukamata, kuchoma chapa na kutukana, Bi Pascoe. Hili hawaliwezi."

Nikamuuliza hili lipi.

"Mwezi wa nne nilipita nyuma ya zizi lenu. Niliona kitoto kimechunwa. Mbweha hana kisu, bibi."

Nikashusha sauti. "Ulimwambia mkaguzi?"

"Aliuliza ndama anamfuata nani. Hakuniuliza kingine."

Mtego? Labda. Nikimwonyesha, nimekiri. Nisipomwonyesha, kitoto kile hakifiki mchana. Nimeingia kutafuta kamba, nikajikuta nimeketi na daftari. Kisu kiko mezani, nimeshakinoa. Lini nimekinoa? Ajabu, siogopi kama nilivyodhani. Ni kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Ng'ombe kafika, namsikia analia.

Digory yuko mlangoni. Anasema Strode kamwambia nina jambo la kumfundisha. Anatazama kisu. Anatazama kamba. Kisha anatazama dirishani: nje ndama wetu wa uso mweupe anachezacheza kando ya Tamsin. Naona ameelewa.

Sasa anakunja mikono ya shati. Polepole. Anauliza ashike wapi. Namwambia ashike miguu ya nyuma ya yule mfu, nami nachukua kisu.