Nyumba ya Moto, Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 11 Februari

Wiki ya tatu ya mafunzo ya zimamoto. Theluji imekuwa tope, tope limekuwa barafu, na sisi tunakimbia juu yake na mitungi ya hewa mgongoni. Tulianza kumi na wanne. Tumebaki kumi na wawili, mwanamke ni mimi peke yangu. Mmoja ameondoka kwa sababu ya goti, mwingine kwa sababu ya mkewe.

Leo Gunchev ametugawa wawiliwawili. Kapteni Gunchev — miaka ishirini na sita kwenye moto, upande mmoja wa uso na shingo umeungua, hapendi mtu. Anasoma majina kama anasoma orodha ya marehemu. Alipofika kwangu: "Stoeva na Yurukov." Wote wakacheka. Na mimi ningecheka kama jina lisingekuwa langu.

Plamen Yurukov. Kwa Kibulgaria Plamen maana yake mwali wa moto, na Vidko, kuruta mwenzetu, hachoki na utani huo. Kila asubuhi anauliza nani ataamka amzime. Mwali wenyewe ni mrefu, mlaini, na vidole vya mpiga kinanda. Anaongea akila. Anaongea akikimbia. Mtungi wa dakika thelathini anaumaliza kwa kumi na nane, anavuta hewa kama ng'ombe aliyefika mtoni.

Kuanzia leo tunaingia pamoja na kutoka pamoja. Akikosea mmoja, wanaadhibiwa wawili.

Si bahati mbaya. Gunchev amefunga takataka mbili kwenye mfuko mmoja ili azitupe safari moja.

Jumatano, 13 Februari

Pushapu arobaini. Sababu: Yurukov hakukaza kiungio cha mpira wa maji. Maji yalipofunguliwa, mpira ukachomoka, ukamchapa Gunchev matope hadi kifuani.

Arobaini nyingine. Sababu: Yurukov alicheka.

Nilipiga zote themanini. Yeye alilala kifudifudi kwenye ya thelathini na tatu. Gunchev akaniambia nimmalizie zilizobaki zake, kwa kuwa mimi ni mwenye nguvu sana na nimekuja kujionyesha. Nikammalizia. Sikumpa raha ya kuniona nikitetemeka. Nilikwenda kutetemekea bafuni.

Jioni kantini, supu ya maharage, Plamen akaja kukaa mbele yangu.

"Nevena, dada yangu, nisamehe."

Nikamwambia mimi si dada yake, na kiti hicho kina mtu.

"Nani?"

"Mtu yeyote mwingine."

Akahama na sahani yake. Vidko alipiga meza kwa kicheko. Nilijisikia vizuri. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumapili, 17 Februari

Mama amepiga simu. Kasema kinu cha unga kinauzwa, mashine zinakwenda Romania. Miaka sita nilibeba magunia pale na baba, na sasa hata gunia la kurudia halipo. Kasema pia kuna binti wa jirani amepata kazi dukani, ana kiti na hita.

"Na wewe ukishindwa huko, utarudi kufanya nini?"

Nikamwambia sitashindwa.

"Mwaka jana pia ulisema hivyo."

Mwaka jana walinitoa kwenye usaili. Mzee mmoja kwenye jopo aliniuliza kama nina mpango wa kuzaa, nikamwuliza kama ana mpango wa kufa. Ndiyo maana mwaka huu nimefunga mdomo. Nafungua daftari badala yake.

Jumatano, 20 Februari

Mwanasesere wa mchanga, kilo themanini, tunamwita Baba Mkwe. Leo kumtoa Baba Mkwe kutoka ghorofa ya kwanza, macho yamezibwa. Dakika nne ndizo zinazoruhusiwa. Sisi tulitumia sita na nusu. Mara mbili Plamen alipoteza ukuta, mara mbili akanishika mguu gizani kama mtoto anayeshika sketi ya mamake.

"Nikikupoteza napotea," alisema tulipotoka, bila aibu yoyote.

Nikamwambia siku nyingine akinishika mguu nitamvunja vidole, kinanda atakipiga kwa pua.

"Umejuaje kuhusu kinanda?" Kafurahi! Kumbe alikuwa akipiga kinanda kanisani kwao. Alitaka kunisimulia. Niliondoka akiwa katikati ya sentensi.

Gunchev aliniita pembeni. "Stoeva. Ukitaka, andika ombi la kubadilishiwa mwenzako. Nitaandika kwamba umeshindwa kufanya kazi na mwenzio." Anatabasamu kwa upande ambao haujaungua. Mtego wa wazi kiasi hiki ni matusi.

"Siombi kitu, afande."

"Basi mpende."

Jumatatu, 25 Februari

Kesho nyumba ya moto. Ni jengo la zege nyuma ya uwanja, ghorofa tatu, jeusi ndani na nje. Wanachoma mbao za makasha na majani mabichi. Moshi wa kweli, joto la kweli. Anayevua barakoa mwenyewe ndani anafukuzwa siku hiyohiyo, hakuna kujieleza. Gunchev kasema mara tatu. Mara ya tatu alimtazama Plamen.

Plamen hakula. Hakuongea pia. Nilipaswa kumwambia neno. Nililiona hilo, nikaendelea kukata mkate.

Jumanne, 26 Februari

Nitaandika kwa mpangilio.

Tuliingia saa nne na dakika kumi, jozi ya tatu. Mimi mbele na mdomo wa mpira, Plamen nyuma. Ngazi ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ghorofa ya pili hakuna kuona, hata taa ya kifuani inaishia kwenye moshi kama imegonga ukuta. Joto linakaa juu, kwa hiyo tunatambaa. Tukafika chumba cha mwisho, nikafungua maji, moto ukafa. Nilifurahi. Nikagonga sakafu mara mbili: tunarudi.

Filimbi ya mtungi wake ikaanza kulia. Bila shaka. Hewa yake ilikuwa inakaribia kwisha na yangu ilikuwa bado zaidi ya nusu.

Tulikuwa karibu na ngazi. Akanishika kifundo cha mguu. Si kushika — alining'ang'ania kwa mikono miwili, akaanza kunivuta nirudi. Nilimwambia aachie. Nikarudia. Filimbi inalia, yeye analia ndani ya barakoa, mguu wangu hautoki. Nikapiga teke. Hakuachia. Nikapiga la pili, kwa nguvu, na hilo lilifika kwenye kitu kigumu. Kikapasuka kidogo. Kisha nikasikia hewa inatoka kwa kasi, shiii. Sauti hiyo tumefundishwa siku ya kwanza. Ni barakoa iliyotoka usoni.

Mikono ikaachia.

Nikashuka.

Nikashuka ngazi tisa. Nilizihesabu, maana tumezoeshwa kuhesabu. Kwenye ya tisa kuna kona, na ukifika kona unaona mwanga wa mlango wa chini. Niliuona. Nilikaa pale. Sijui muda gani. Niliwaza: nitasema alinipoteza. Watasema alikuwa hafai, kila mtu anajua. Niliwaza hivyo kwa maneno kamili, kwa utulivu, kama mtu anayepanga siku yake.

Halafu nikarudi. Sijui kwa nini nilirudi, na sitajipamba hapa. Nilimkuta kwa kumkanyaga. Nikamvuta kwa mkanda wa mtungi, kichwa chake kinagonga kila ngazi, hadi nje.

Wakapiga makofi. Vidko alinikumbatia. Plamen alikuwa wa kijivu, anatapika kitu cheusi, wakampakia kwenye ambulensi.

Gunchev aligonga kofia yangu kwa kiganja. "Alivua barakoa, sivyo?"

Nilikuwa nakohoa. Nilikohoa zaidi ya nilivyohitaji.

"Leo umekuwa zimamoto, Nevena," alisema.

Ni mara ya kwanza kuniita Nevena, si Stoeva.

Alhamisi, 28 Februari

Wananisogezea kiti. Wananiachia maji ya moto bafuni. Mpishi kaniongezea kipande cha banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, mafuta yanatiririka, kasema kile ni cha shujaa. Nimekila chote. Nina hasira na kila mtu aliyekiona kinaingia mdomoni.

Wiki nne walinichukia nikiwa sina kosa. Sasa!

Vidko anasimulia hadithi mpya ya Yurukov kila mlo. Anaigiza jinsi anavyojivua barakoa, mikono hewani kama anayezama. Leo nilimwambia anyamaze.

"Una nini? Wewe ndiye uliyemchukia kuliko sisi wote."

Kweli. Ndiyo maana nilimwambia anyamaze.

Ijumaa, 1 Machi

Kila mtu leo ana uzi mwekundu na mweupe mkononi, desturi yetu ya kukaribisha majira ya kuchipua. Gunchev naye alikubali kufungwa mmoja na mpishi. Mimi nimefungwa nyuzi tano.

Mchana niliitwa stoo kusaini vifaa. Gunchev alikuwa peke yake, barakoa ya Plamen iko mezani. Kamba ya kushoto imekatika kwenye kifungo, na plastiki ya shavuni ina ufa.

"Mtu akijivua barakoa kwa hofu," alisema bila kunitazama, "huifyatua kwa vidole. Haipasui."

Niliutazama ule ufa.

"Labda iligonga ngazi ulipomvuta." Akaitia kwenye mfuko, akaandika namba. "Yule kijana hakuwa na mapafu ya kazi hii wala moyo wake. Angekufa mwaka wa kwanza, au angemuua mtu. Wewe unafaa. Makao makuu wanauliza kila mwezi yuko wapi mwanamke tuliyemwahidi gazetini. Unanielewa?"

"Naelewa, afande."

"Basi ndivyo ilivyo."

Kumbe anajua. Anajua, na amechagua. Sijawahi kumchukia kama leo, alipokuwa mwema.

Jumatatu, 4 Machi

Mapumziko. Wengine wamekwenda mjini. Plamen ameruhusiwa kutoka hospitali, amekuja kuchukua vitu vyake, kesho saa tano anasomewa barua ya kufukuzwa. Sauti yake imekwisha, anaongea kama karatasi inayokunjwa. Ana alama ya bluu kuanzia shavuni hadi sikioni.

Alinikuta nyuma ya bweni nikisugua mpira. Akakaa kwenye ngazi, mbali kidogo. Amejifunza umbali wangu.

"Nilikushika mguu," alisema. "Nilidhani sakafu imekwisha."

"Najua."

"Uliniambia niachie. Nilisikia. Mikono haikusikia."

Nikaendelea kusugua.

"Wanasema nilivua mwenyewe. Mimi sikumbuki. Nakumbuka mguu wako, halafu nakumbuka buti zako zinashuka ngazi." Akakohoa muda mrefu. "Halafu kimya. Halafu zinapanda."

Nilimwuliza anataka nini.

"Sitaki kitu. Nilitaka kuuliza tu. Kama nilivua mwenyewe, basi wana haki, nitarudi kwa baba nikafuge nyuki. Lakini nikiwa kitandani nilikuwa najaribu kujiona navua, na sijioni. Wewe ulikuwepo. Ulisikia chochote?"

Nikamwambia moshi ulikuwa mwingi.

"Ndiyo," alisema. "Ulikuwa mwingi." Akasimama. "Hata hivyo ulipanda. Asante kwa kupanda."

Angenitukana ningejua la kufanya. Ngumi yangu ilikuwa tayari. Alikwenda bwenini, nikamsikia anafungua kabati lake, hangeri zinagongana, akikohoa katikati ya kila shati.

Jumanne, 5 Machi

Saa tano kasoro dakika kumi. Naandika kwenye benchi la korido, nje ya ofisi. Mbele yangu, benchi la pili, yuko Plamen na begi lake. Ameweka mikono katikati ya magoti.

Ndani kuna Gunchev na maofisa wawili kutoka makao makuu. Gunchev ametoka mara moja, kanipa karatasi na kalamu. Imeshachapwa yote. Maelezo ya shahidi. Mistari mitano. Wa tatu: *Alivua barakoa mwenyewe kwa hofu, nami nilimtoa nje.*

"Saini chini, ulete. Wanawahi treni."

Chini yake, kwa klipu, kuna karatasi nyingine ambayo sikutakiwa kuiona, au labda nilitakiwa. Orodha ya watakaopelekwa vituoni mwezi wa sita. Jina langu liko juu kabisa.

Kasoro tano. Nimesoma mistari mitano mara nyingi. Ni Kibulgaria safi. Kila neno liko mahali pake.

Plamen amefunga macho. Anavuta hewa polepole, kwa pua, anahesabu kwa vidole. Ndivyo tulivyofundishwa kutumia mtungi. Sasa ndipo anaweza.

Nimekata neno *Alivua*. Juu yake nimeandika *Nilimvua*. Nimekata *kwa hofu*, halafu nimelirudisha, maana hofu ilikuwepo, ila haikuwa yake peke yake. Pembeni nimeandika: *kwa teke. Kisha nikashuka ngazi tisa.* Nafasi ilikuwa ndogo, maandishi yamepanda juu ya mhuri. Nimesaini.

Saa tano kamili. Nimegonga, Gunchev amefungua mlango nusu, amechukua karatasi bila kuitazama, amefunga.

Plamen ameniuliza nimeandika nini. Nimemwambia asubiri.

Walikuwa wanazungumza kule ndani, mmoja alikuwa anacheka. Sasa hawacheki. Kuna mtu anasoma kwa sauti, polepole, na najua amefika mstari wa tatu kwa sababu amesita. Anaurudia. Kiti kimeburutwa —