Mteremko wa Dada Rayya

Mama,

Mwenyezi Mungu alipanue kaburi lako. Sisi hapa Hamriya wazima, na Dada Rayya huko Kanada mzima pia, maana najua ndiye ungeanza kumuulizia.

Kwake baridi imeingia tena. Juzi alituma picha za mifuko ya dawa ya kuyeyusha barafu kwenye simu yako, kama alivyozoea. Nikaudhika. Miaka yote nje jua linachoma, na wewe unanipa simu nikusomee mifuko ile. "Soma vizuri, mwenzio asije akateleza." Mimi nilipoteleza bafuni nikikukogesha, uliniambia nivae ndara.

Na ule mteremko aliokujengea mlangoni kwake kwa ajili ya kiti chako cha magurudumu! Uliupita safari moja tu, lakini kila mgeni aliyekuja kukutazama alisimuliwa. Mimi niliyekusukuma kila siku sikutajwa. Roho iliniuma, Mama, na bado inaniuma.

Basi nikamuuliza anahangaikia dawa ya nini wakati hakuna tena wa kuupita. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, analia. "Siwezi kuuacha ugande. Wewe ulimuosha Mama, mimi nna huu tu."

Ulitutoka asubuhi, alasiri tukakuzika, yeye bado anatafuta tiketi.

Nikakaa nikasoma ile mifuko yote. Chumvi ya kawaida inakula saruji na kuunguza nyayo za paka wake. Nyingine inayeyusha upesi lakini inawasha mikono. Nikamchagulia ile isiyo na chumvi, ingawa ni ghali. Afagie theluji kwanza, anyunyize kidogo tu, kisha atie mchanga upate kushika mguu. Akashukuru sana. Halafu akaniuliza kama maji tuliyokuoshea yalikuwa ya moto, na kama majani ya mkunazi yalipatikana.

Sijamjibu. Mapenzi yako tuligawana, na fungu lake niliona kubwa siku zote. Ile asubuhi ilikuwa yangu, nami nilitaka ibaki yangu.

Pumzika, Mama. Ijumaa nitampigia. Nitamwambia maji yalikuwa ya uvuguvugu, mkunazi ulitoka uani kwa jirani, na nywele zako nilizifumua mwenyewe, taratibu, usije ukaumia. Nakuahidi nitampa yote.

Mwanao wa nyumbani,
Zuwena