Paa la Boma Ulilokatazwa Kulikanyaga

Mbukwenyi, Baba,

Ni mimi, binti yako wa pili. Zile herufi nilizojifunza kwa wamisheni wa Mvumi, ulizoziita kazi ya watu wasio na mifugo, leo zinanifaa, maana nina hasira na sina pa kuipeleka.

Wanalitengeneza upya boma la kilimani. Tangu mavuno sisi wanawake tunapandisha udongo wa kichuguu, ule ule uliouchagua wewe, na nyapara amesimama kivulini anatuambia, "Shindilieni vizuri, lisije likaanguka kama la yule mzee." Yule mzee! Wewe uliyeezeka nusu ya tembe za bonde hili, nyumba zetu za paa bapa la udongo, na hakuna hata moja iliyomwangukia mtu.

Baba, mimi nilikuwepo. Nilikusikia ukimweleza Bwana Mkubwa, yule Mjerumani wa boma, kwamba paa la udongo likinyeshewa mara ya kwanza hupasuka, lazima watu wapande walikanyage mpaka nyufa zizibe. Akasema juu kuna mzinga wa vita, hapandi mshenzi. Ulipomwomba tena ulichapwa kiboko mbele ya wakwe zako. Nilikupaka samli mgongoni, nawe unacheka, "Mdachi anaogopa miguu yangu."

Siku ya tatu ya mvua kubwa wakakuita uingie ndani uweke nguzo. Paa likakuangukia, nasi tukakuzika. Kisha Bwana Mkubwa akaandika kwamba fundi alikuwa mzembe.

Sasa sikia. Yule Bwana amehamishwa. Huyu mpya alitukusanya juzi, tukasomewa amri yake: kila mwaka, baada ya mvua ya kwanza, watu wanne watapanda kulikanyaga paa. Watu wakamsifu kwa akili zake. Akili zake! Nilitaka kulia nikashindwa, nikatupa kikapu chini, udongo ukamwagika miguuni pa nyapara.

Nyapara alipouliza nani watapanda, nilitangulia kutoa jina langu kabla ya mwanamume yeyote. Wakacheka, lakini akaliandika.

Mama hajambo. Ng'ombe wako mwekundu amezaa.

Lala salama, Baba. Mawingu yameanza kujikusanya, na hii ndiyo ahadi yangu: nitapanda peku, nisimame juu ya pale anapokaa Bwana huyu mpya, na kwa kila hatua nitalitaja jina lako kwa sauti, mpaka atoke nje aulize huyo ni nani. Nitamwambia.