Kitanda cha Kumi na Tatu

Modesta, mwenzangu,

Wodi yetu ingali na vitanda kumi na viwili. Korona iliyokuondoa imepungua. Siku hizi tunalaza tena watoto wa malaria na wazee wa kifua kutoka Dutwa. Mumeo hajambo. Mwaka huu amelima pamba.

Nakuandikia kwa sababu ya kile kitanda chako. Wakati ule wa korona, kila tulipokabidhiana zamu, ulieleza hali ya wagonjwa kitanda kwa kitanda, kisha ukajieleza mwenyewe: "Kitanda cha kumi na tatu hajala tangu asubuhi. Amelia stoo." Nami nilikusahihisha mbele ya wote: "Kitanda hakili, Modesta. Ukitaja kitanda, sema hakijala." Ukanijibu kwa jina la utani ulilonipa: "Sawa, Mwalimu, lakini njaa ni ileile." Watu wakacheka, na mmoja wao akakuletea uji.

Minza, yule muuguzi binti wa Malampaka, siku yake ya kwanza kazini alizunguka wodi nzima na kipimajoto akikitafuta kitanda hicho. Ulimwambia: "Mwanangu, kimesimama mbele yako."

Ulipofariki, hakuna aliyekitaja tena. Tulidhani wagonjwa wakipungua tutapumzika. Minza hakupumzika. Ndiye aliyekushika mkono ulipokuwa ukikata roho, unajua. Mwezi uliopita nilimkuta katika chumba cha kubadilishia nguo, amevaa glavu, ameshindwa kufungua mlango wa kuingia wodini. Alisema anaacha kazi, anarudi kwa mama yake kulima mpunga. "Mpunga haufi ukinitazama," alisema.

Nilimwomba aje tu akae nasi tukikabidhiana zamu. Nilieleza vitanda vyote kumi na viwili. Kisha, Modesta, nikasema: "Kitanda cha kumi na tatu hajalala vizuri tangu mwenzake afe. Akisikia mtu anakohoa, anatamani kukimbia."

Wauguzi walinitazama kama walionisikia nikitukana. Minza akainua uso: "Mama, sema hakijalala."

Tulicheka hadi mgonjwa mmoja akauliza kulikoni. Cheko lilipokwisha, Minza akasema: "Na cha kumi na nne naye anaogopa mlango." Akaeleza yote, akilia, na hakuna aliyemkatiza.

Alipewa likizo. Alikwenda kwa mshauri wa afya ya akili, na mimi nilikwenda naye, kwa ajili yangu pia. Jana alirudi kazini. Mlango aliufungua mwenyewe. Mimi nilisimama nyuma yake tu.

Kwaheri, Modesta. Maadamu ningali kazini, hakuna zamu itakayokabidhiwa ikaishia kitanda cha kumi na mbili. Na atakayesema "kitanda hajala", sitamsahihisha. Nitamletea uji.

Mwenzako,
Mwalimu